Kiota na Ukingo wa Dari: Mitambo ya Upepo na Ndege wa Angani

Sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati haisomwi sana kanisani. Ni sura ya mambo madogo madogo: ng'ombe wa jirani aliyepotea, punda aliyeanguka njiani, mbegu za aina mbili katika shamba moja. Katikati ya mambo hayo ziko sheria mbili zinazofuatana, na wengi wetu tunapofika hapo tunapita haraka. Ya kwanza, aya ya 6 na 7, inamhusu mtu anayekuta kiota njiani, mama akiwa ameatamia mayai au makinda. Anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Ya pili, aya ya 8, inamhusu mtu anayejenga nyumba mpya. Dari za Waisraeli zilikuwa tambarare. Watu walipanda juu kupunga upepo, kuanika kitani kama Rahabu, na hata kusali kama Petro kule Yafa. Sheria inamtaka mjenzi azungushe ukingo, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Katika somo hili tunataka kuzisoma sheria hizi mbili pamoja, kwa sababu ya jambo ambalo limeanza kusogea karibu nasi: mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, na ndege wanaouawa nayo.

Swali hili huulizwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema: Kanisa linatuhimiza tuache makaa ya mawe na mafuta, kumbe hiyo nishati mnayoiita safi inachinja ndege, huu ni unafiki. Na wapo wanaosema: kijiji hakina taa, zahanati inahifadhi chanjo kwa shida, nanyi mnatuletea habari za ndege? Wote wawili wameshika ukweli nusu. Ili kuupata uliobaki, inabidi kwanza tujue ndege gani wanakufa, wapi, na kwa nini.

Ndege tunayemzungumzia

Mungu anapowaambia Waisraeli chini ya mlima Sinai kwamba aliwabeba kama juu ya mabawa (Kutoka 19:4), Biblia zetu za Kiswahili zinamtaja tai. Neno la Kiebrania ni *nesher*, na wafafanuzi wengi wanaona kwamba mara nyingi neno hilo linamtaja tumbusi, yule ndege mkubwa mla mizoga. Nabii Mika anatupa ushahidi mzuri: anawaambia watu wapanue upara wao kama nesher (Mika 1:16). Tai hana upara, tumbusi anao. Kitabu cha Ayubu nacho, mwishoni mwa sura ya 39, kinamweleza ndege akaaye majabalini, aonaye mbali, na walipo waliouawa ndipo alipo. Mchungaji yeyote wa Ngorongoro anamtambua ndege huyo bila kuuliza.

Tunasema haya kwa sababu tumbusi hana wapenzi wengi. Sura yake haivutii, chakula chake kinachefua, na katika Mambo ya Walawi 11 nesher anaongoza orodha ya ndege wasioliwa. Lakini ndiye anayesafisha mbuga. Kule India, katika miaka ya 1990, tumbusi walikufa karibu wote kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ambayo ilibaki katika mizoga. Mizoga ikarundikana, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikaongezeka pamoja nao. Waliolipa gharama ni maskini wanaotembea kwa miguu.

Afrika Mashariki tunao tumbusi wa aina kadhaa, na hali yao ni mbaya. Mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe waliingizwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Rüppell ndiye anayeshikilia rekodi ya kuruka juu kuliko ndege wote: mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Huzaa kwenye majabali. Wapo wanaozaa katika korongo la Olkarien, milima ya Gol, upande wetu wa Ngorongoro, na wapo wanaozaa katika majabali ya kusini mwa Kenya. Mpaka wa nchi hawaujui. Tumbusi aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari zake huko Masai Mara anaweza kula mzoga Serengeti siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye kiota cha Kumbukumbu la Torati. Kwa nini mama aachwe? Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipozijadili sheria za namna hii katika Summa, aliona humo nia ya kuwazoeza watu huruma, maana anayemhurumia mnyama huwa mwepesi zaidi kumhurumia binadamu. Ni jibu zuri. Lakini mkulima na mfugaji wanaliona na jibu jingine lililo wazi kabisa: makinda ukiyachukua, mama atataga tena, mama ukimchukua, umefunga mlango. Torati inajua hesabu.

Hesabu ya tumbusi ni kali kuliko ya kuku au ya njiwa. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Baba na mama wanapokezana kuatamia na kulisha, na mmoja akifa wakati huo kinda lao kwa kawaida halitapona. Kinda likipona, litapita miaka mitano hivi kabla halijaanza kuzaa lenyewe, na wengi hawafiki umri huo. Shomoro mia wakifa, mwakani wameshazibwa pengo. Tumbusi wakubwa kumi wakifa katika koloni moja la majabalini, pengo hilo linaweza kudumu kwa muda mrefu kuliko maisha ya seminari ndogo na kubwa yakijumlishwa.

Kwa nini anagonga panga

Mtambo wa upepo ni mnara wenye mapanga matatu marefu. Kwa mbali mapanga yanaonekana yakizunguka taratibu, lakini ncha yake inaweza kupita kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa. Tumbusi naye hapigi mabawa kama njiwa. Ni mzito mno. Anategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini na upepo unaopanda ukikutana na mlima. Hapo ndipo penye shida. Ukingo wa mlima unaomwinua tumbusi ndio ule ule ambao mhandisi, baada ya kupima upepo wake, anauona ni mahali pazuri pa mtambo. Wote wawili wanatafuta kitu kimoja.

Watu huuliza: ndege mwenye macho makali kiasi hicho anashindwaje kuuona mnara? Wataalamu waliopima upeo wa macho ya tumbusi wamegundua kwamba anapoinamisha kichwa kutazama ardhini, linabaki eneo kubwa mbele yake na juu yake asiloliona kabisa. Ameumbwa kutafuta mzoga chini. Tangu kuumbwa kwake, mbele yake angani hakukuwa na kitu cha kumgonga.

Na si tumbusi peke yake. Korongo weupe wanaozaliwa Ulaya nao huelea juu ya hewa ya moto, na kwa kuwa juu ya bahari hewa hiyo haipo, huizunguka bahari na kubanana kwenye njia nyembamba: Sinai, Ghuba ya Suez, kisha Bonde la Ufa. Zaidi ya ndege milioni moja wa kuelea hupita njia hiyo. Wale korongo tunaowaona kwenye nyanda zetu kati ya Novemba na Machi wamepita Misri, karibu kabisa na mashamba makubwa ya mitambo ya upepo kwenye ukingo wa Ghuba ya Suez.

Idadi peke yake haitoshi

Hapa tuwe waaminifu, maana wapo wanaopenda kutumia vifo vya ndege kuupiga vita umeme wa upepo huku wakiufumbia macho moshi wa makaa ya mawe. Marekani, ambako watafiti wamejitahidi kukadiria, mitambo ya upepo inasemekana kuua ndege kati ya 140,000 na 328,000 kwa mwaka. Vioo vya majengo vinaua mamia ya mamilioni. Paka wanaua zaidi ya bilioni moja. Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye paka wa kuzurura nje hana haki ya kuurushia mtambo jiwe.

Lakini paka wa jirani hajawahi kumkamata tumbusi. Paka huchukua ndege wadogo wanaozaa haraka. Mtambo uliowekwa mahali pabaya huchukua walio wachache na wanaozaa pole pole. Altamont, California, ni mfano unaotajwa kila mahali, na unastahili. Kuanzia miaka ya 1980 maelfu ya mitambo midogo ilipandwa kwenye vilima vilivyojaa kindi wa ardhini wa nchi ile, chakula cha tai wa dhahabu. Tai walikuwa wakishuka kuwinda katikati ya mapanga, na makumi yao walikufa kila mwaka. Kosa halikuwa upepo. Kosa lilikuwa mahali, na haraka ya kujenga kabla ya kuuliza nani anaishi hapo. Baadaye mitambo mingi ya zamani ikaanza kung'olewa na kuwekwa michache mikubwa, kwa uangalifu zaidi.

Ukingo wa dari, basi, unafananaje kwenye mtambo wa upepo? Mfano tunaoupenda zaidi unatoka Tarifa, kusini mwa Hispania, ambako tumbusi hupita wakienda na kutoka Afrika. Watafiti waligundua kwamba mitambo haiui sawasawa. Michache ndiyo iliyokuwa inaua wengi. Wakawekwa watazamaji. Tumbusi wakikaribia mtambo wa hatari, mtazamaji anaagiza usimamishwe, na wakishapita unawashwa tena. Vifo vikapungua kwa nusu hivi. Na umeme uliopotea? Asilimia 0.07. Tunaomba msomaji airudie namba hiyo, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba kuwalinda ndege kutawanyima watu umeme.

Kisiwa cha Smøla, Norway, walijaribu jambo jingine: kwenye mitambo minne walipaka rangi nyeusi panga moja kati ya matatu, ili mzunguko uonekane. Vifo vya ndege kwenye mitambo hiyo vilipungua kwa asilimia 72 hivi. Mitambo minne ni michache, wala hatuwezi kujenga fundisho juu yake, lakini kopo la rangi si kitu cha kudharau.

Kajiado

Karibu nasi zaidi, kusini-magharibi mwa Nairobi, katika nchi ya Wamaasai wa Kajiado, upo mradi wa Kipeto: mitambo 60, megawati 100, ulioanza kuuza umeme mwaka 2021. Eneo hilo ni la malisho, na tumbusi wa Rüppell na mgongo-mweupe huruka juu yake. Kwa kusukumwa na watu wa uhifadhi na masharti ya wakopeshaji, mradi ulikubali kuweka watazamaji waliofunzwa, wenye darubini, wanaokaa mahali palipoinuka na kutazama angani mchana kutwa. Tumbusi akionekana anaelekea kwenye mapanga, mtambo unazimwa. Mzoga wa ng'ombe au wa pundamilia ukionekana karibu na minara unaondolewa, ili usiwaite ndege kwenye hatari. Nje ya eneo la mitambo, mradi umegharamia kazi ya kupambana na sumu.

Hilo la mwisho linaweza kumshangaza mtu. Sumu inaingiaje katika habari ya upepo? Inaingia kwa sababu muuaji mkuu wa tumbusi Afrika ni sumu. Katika vifo vilivyoandikwa barani, takribani 60 kati ya kila 100 vilitokana nayo. Simba anaua ng'ombe, mfugaji kwa uchungu ananyunyizia mzoga dawa ya wadudu, na tumbusi mia wanashuka kula kabla ya simba kurudi. Mfugaji akisaidiwa kujenga boma imara ambalo simba haingii, hana sababu ya kununua sumu. Kwa hiyo mradi unaojua kwamba unaweza kuua tumbusi mmoja hata ukijitahidi, unajaribu kuwaokoa wengine kadhaa kwa kusaidia kujenga boma. Hatusemi kwamba hesabu hiyo inafuta kila kitu. Tunasema ni aina ya malipizi, na mapadre wajao wanaofundishwa kitubio wanajua tofauti kati ya kusema samahani na kurudisha kilichochukuliwa.

Tusisahau nyaya. Mtambo hauna faida bila nguzo za kusafirisha umeme, na nyaya zinaua kwa njia mbili: ndege mkubwa hugonga waya asiouona, au hutua juu ya nguzo na bawa lake likagusa waya wa pili. Hapo upepo na makaa ya mawe ni sawa. Umeme wowote unapita kwenye waya. Kutenganisha nyaya vya kutosha na kutundika vionyeshi juu yake ni kazi rahisi wakati wa kujenga na ghali baada ya hapo. Ndiyo maana Torati inataja ukingo pale nyumba inapojengwa mpya.

Pingamizi linalostahili jibu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, ina mizani miwili. Upande mmoja inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu ya maana ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Upande wa pili inaonya kwamba si haki kuwatumia wanyama fedha ambayo kwanza ingepaswa kuondoa taabu ya watu. Mwanafunzi makini ataushika upande wa pili na kusema: mishahara ya watazamaji wa ndege si ingechimba kisima?

Tunajibu hivi. Fedha hiyo si sadaka kwa ndege. Ni sehemu ya gharama ya kujenga, kama ukingo ulivyo sehemu ya gharama ya nyumba. Mjenzi asiyeweka ukingo hakuokoa fedha, amemwachia mwingine alipe. Na mishahara hiyo inakwenda kwa watu. Hayati Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliitaka dunia iachane na mafuta na makaa ya mawe, na katika waraka huo huo, namba 35, akalalamika kwamba miradi inapochunguzwa athari zake watu hutazama udongo, maji na hewa, ila viumbe hai hawachunguzwi kwa makini. Mambo hayo mawili yameandikwa na mkono mmoja. Hakuona haja ya kuchagua.

Lakini pia hatutaki ndege wageuzwe kisingizio. Kule Kinangop, Kenya, mradi wa upepo wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya upinzani mkali wa wakazi, ambao shida yao kubwa ilikuwa ardhi yao na usalama wao. Nyasi za Kinangop ni makazi ya ndege mdogo, kucha-ndefu wa Sharpe, asiyepatikana nje ya Kenya. Mitambo haikujengwa, na bado ndege huyo yuko hatarini, kwa sababu nyasi zake zinaendelea kulimwa. Mradi kushindwa si sawa na ndege kuokoka.

Likija kwetu

Tanzania bado tuko mwanzoni. Ipo mitambo mitatu ya Mwenga kule Mufindi, na upepo wa Singida umezungumzwa kwa miaka mingi. Sheria zetu, kama za Kenya, zinadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa kuanza, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mikutano hiyo hufanyika chini ya mwembe, kwenye ukumbi wa kata, wakati mwingine kwenye ukumbi wa parokia, na padre au katekista huwa mmoja wa watu wachache waliosoma karatasi yote. Akisimama, aulize kama ndege walihesabiwa kwa mwaka mzima au kwa wiki mbili za kiangazi tu, maana korongo wa Novemba hawezi kuonekana Julai. Aulize majabali ya karibu yenye viota yako umbali gani. Aulize habari za nguzo na nyaya, zisiishie kwenye minara.

Halafu aulize nani atalipwa kukaa na darubini kutazama angani, na kama mtu huyo ana mamlaka ya kuzima mtambo yeye mwenyewe. Wakimjibu kwamba itabidi kwanza ampigie simu meneja aliyeko Dar es Salaam, awaambie kwamba kabla simu haijapokelewa tumbusi atakuwa ameshafika kwenye panga.